Bihogo na Ukurasa wa Mbele

Juma lililopita mliniacha Walikale-centre, ndani ya studio ya picha, nikiwapanga vijana wangu wawili mbele ya shuka lililochorwa ndege na bahari.

Aliyechelewa kuingia nimweleze haraka, nisiwachoshe waliokaa tangu mwanzo. Mimi ni Thacienne. Nina malewa, kibanda cha chakula, pale Masisi-centre, karibu na pikipiki zinapopakia. Sombe ya majani ya mihogo, maharagi na habari za watu, vyote kwangu unavipata vya moto. Shema ni mdogo wangu, mtoto wa mwisho wa mama yetu, naye anaimba. Rafiki yake Samy anapiga gitaa. Kundi lao linaitwa Ukungu. Manager ni mimi, kwa sababu hakuna mwingine aliyekubali.

Gazeti la muziki la vijana kule Goma, linaitwa Mulio, lilitaka kututia kwenye ukurasa wa mbele. Nikawatumia ile picha ya ndege. Jibu likarudi kabla sijafunga simu:

"Mama manager, hii ni Masisi ao ni Dubai?"

Wakatupa nafasi moja tu ya mwisho. Alhamisi wangemtuma mpiga picha wao. Ijumaa gazeti linaingia mashineni. Picha ikikosekana, ukurasa wa mbele unapewa kundi lingine la mjini, na sisi turudi kuimbia wachimbaji wa dhahabu wa Omate, ambao wanashangilia vizuri lakini hawasomi magazeti.

Sasa sikilizeni nilivyoharibu. Afadhali myasikie kwangu kuliko kwa majirani zangu, maana wao huongeza chumvi.

Mpiga picha alinipigia Jumatatu. Jina lake Séraphin. Nilipanda juu ya meza ya wateja kutafuta rezo ya simu.

"Mama Thacienne, sisi tunataka Masisi ya kweli. Mulima. Majani. Ukungu inatoka polepole, jua inaingia. Na ng'ombe."

"Ng'ombe ya nini? Watoto wangu wanaimba, hawakamui."

"Mama, pasipo ng'ombe nitajuaje kama ni Masisi?"

Nikaitisha mkutano. Malewa ilijaa, kila mtu akatoa shauri lake, hata wale waliokuja kuomba moto wa sigara.

Samy alitaka suruali zilizopasuka magotini.

"Mama yako amekutuma shule miaka kumi na mbili, halafu akuone mu gazeti magoti inje? Mutavaa kostimi."

Nikaazima kostimi mbili, suti za kijivu, kwa wanakwaya.

Samy akajitazama kwenye kioo. "Dada, tunafanana watu wanaenda kuoa."

"Munafanana wasanii wenye akili. Toka hapo."

Shema hakubishana. Alikaa akichezea kamba ya kiatu, kisha akauliza: "Picha tutapigia wapi?"

"Nitatafuta."

"Kwa Papa Straton kuko muzuri," akasema, bila kuinua macho. "Pale yulu. Unaona milima yote."

Nikampigia makofi. Kweli, lupango la Papa Straton, boma lake, liko kichwani kwa kilima, chini yake mashamba ya maharagi na mihogo, na mbele yake vilima vimepangana mpaka macho yanachoka. Papa Straton mwenyewe ni shemasi, mtu mgumu kama mpini wa jembe, lakini hiyo niliiona kuwa kazi ndogo kwa ulimi wangu.

Ng'ombe nikamwomba kwa Papa Mbonigaba, mzee mfugaji. Ng'ombe huyo anaitwa Bihogo, ngozi yake ya kahawia inang'aa. Mzee akakubali kwa sharti la kuja naye, asimwache mikononi mwa wasanii.

Maua ya shingoni kwa ng'ombe yalikuwa wazo langu. Kibuyu cha kasiksi, pombe yetu ya ndizi, pia wazo langu. Kwetu huendi kwenye lupango la mzee mikono mitupu.

Jumanne nikakutana sokoni na Mama Nyiransabimana, mke wa Papa Straton. Nilikuwa na habari nyingi za kumpa, hiyo ya picha nikaitia katikati.

"Mama, Alhamisi asubui niko nakuya kwenu. Naleta mudogo wangu Shema na rafiki yake. Papa Mbonigaba atatangulia na ng'ombe."

Akaweka kikapu chini. "Ng'ombe?"

"Moja tu, lakini ya muzuri. Na kasiksi kidogo. Haitawasumbua?"

"Thacienne, uko nasema kweli?"

"Sasa nikudanganye, mama yangu?"

Macho yakamlowa. Nikasema moyoni, ona mama huyu anavyopenda muziki. Nilikuwa nafungua kinywa nimweleze mambo ya gazeti, ndipo akapita mwalimu wa kwaya na kiwigi kipya, chekundu, na ninyi mnanijua. Nilipomaliza kusimulia kile kiwigi, Mama Nyiransabimana alikuwa amekwisha kwenda. Kikapu alikisahau.

Kuna pia dhambi nyingine, hiyo ni ya majuma mawili nyuma. Mvua ilikuwa imekatika, wateja wanataka kuondoka, na mimi sipendi kuona viti vitupu. Nikawaambia kwamba Shema ana jicho kwa Tumukunde, binti wa Papa Straton. Nilizua pale pale, ili wanywe chai ya pili. Wakanywa ya pili na ya tatu.

Maneno hayo yalipanda kilima kabla yangu. Mimi sikujua.

Alhamisi Séraphin akafika, matope mpaka masikioni, amekumbatia apareyi yake ya picha ndani ya koti. Ukungu ulikuwa mzito, hata kanisa huoni.

"Ni muzuri hivi hivi," akasema. "Tupande. Jua ikitoboa tu, nabonyeza."

Tukapanda. Papa Mbonigaba mbele na fimbo, nyuma yake Bihogo na maua yake, kisha Shema na Samy kwenye kostimi, miwani ya jua usoni, kisha mimi na kibuyu kichwani. Ili tusichoke, nikaanzisha wimbo.

Wamama waliokuwa wanapalilia maharagi wakatupa majembe wakapiga vigelegele. Nikawapungia mkono. Nikamwambia Séraphin: "Unaona? Wanatujua."

Lupango la Papa Straton lilikuwa limejaa. Viti vya kanisa vimepangwa pande mbili. Nyuma ya nyumba moshi wa vyungu vitatu. Watu wamevaa nguo za Pasaka, na mwezi wa Pasaka ulikuwa bado.

Hapo mtu mwenye akili angesimama akauliza. Lakini mimi nyumba ikijaa, akili yangu inatoka nje kuwapisha wageni. Nikaingia nikicheka, nikasalimia kila mkono.

Papa Mbonigaba akapewa kiti chenye mgongo. Papa Straton, koti jeusi mpaka magotini, akaenda moja kwa moja kwa Bihogo. Akamfungua kinywa akatazama meno, akampitisha mkono mgongoni, akainama akaangalia kwato.

"Haina kilema," akasema kwa sauti.

Wanawake wakaimba. Kasiksi ikazunguka. Séraphin alikuwa anarukaruka kama panzi.

"Mama manager, watu wote hawa umewatoa wapi?"

"Wamekuya wenyewe."

"Na ule muzee wa koti! Anacheza vizuri sana, kama wa filamu. Nani amemufundisha?"

Mlango wa nyumba ukafunguka. Akatoka Tumukunde, kitenge kipya, shanga shingoni, macho chini, shangazi mmoja kulia na mwingine kushoto.

Ndipo nikaelewa.

Nimekula harusi za vilima hivi tangu sina meno. Ng'ombe mwenye maua anaingia lupango. Mzee ametangulia, vijana wamevaa sawasawa, pombe iko kichwani kwa dada, wimbo unapigwa njiani. Hata kipofu angeuliza tu: mahari ya nani? Mimi peke yangu niliona gazeti.

Nikamwinamia Papa Mbonigaba. "Papa, hawa watu wanafikiri tumeleta mahari."

"Niliona tangu pale mulangoni."

"Na ukanyamaza?"

"Wamenipa kiti ya mugongo, Thacienne. Na hii kasiksi yako haiko mubaya." Akafuta ndevu. "Lakini sikia. Bihogo hailale hapa. Iko na mutoto yake nyumbani."

Nikamkimbilia Shema, nikamvuta mkono wa kostimi. "Mudogo wangu, usishituke. Wanafikiri umekuya kuoa."

Hakushituka. "Dada, tulia. Ngoja jua itoke."

Nikasema moyoni: huyu ndiye msanii, nyumba inaungua na yeye anangoja mwanga.

Nikamgeukia Séraphin. Alikuwa amepiga goti kwenye matope, anatazama juu. "Dakika kumi, mama. Ukungu inapasuka. Muntu asitoke nafasi yake. Nikikosa hii, nashuka na apareyi tupu."

Wasomaji wangu, yote ya nyuma yalikuwa makosa ya ulimi. Hili lilikuwa la moyo. Nilijua ukweli, nilimwona Mama Nyiransabimana akibeba sinia kwa furaha, na nikanyamaza. Dakika kumi tu, nikajiambia. Picha kwanza, aibu baadaye.

Papa Straton akagonga fimbo chini. Watu wakamgeukia.

"Papa Mbonigaba, ng'ombe tumeiona. Mutoto tunamutoa. Neno moja tu limebaki. Nasikia huyu kijana anaimbaka mu ma bar. Siku anaoa kwangu, muziki inakufa. Iko sawa?"

Papa Mbonigaba akamtazama Bihogo. Akamtazama Shema. Nikaona wazo likimpita usoni, na halikuwa wazo la Kikristo.

"Aache muziki? Huyu?" akapaza sauti. "Straton, huyu ataimba mpaka meno yote ianguke! Siku ya maziko yako atakuya kuimba pale yulu ya kaburi!"

Mtu mmoja akapaliwa na kasiksi.

"Basi," Papa Straton akasema, "rudisha ng'ombe yako."

"Aksanti," akajibu Papa Mbonigaba, haraka mno, na tayari alikuwa amesimama.

Wakati ule ule jua likatoboa. Ukungu ukafunguka kama pazia la kanisa, vilima vikatokea vyote, kijani mpaka mwisho wa dunia.

"Sasa!" Séraphin akapiga kelele. "Shema kushoto! Samy, gitaa! Ng'ombe katikati! Na wewe muzee wa koti, usitoke, endelea na hiyo kasirani, iko muzuri kabisa!"

Papa Straton akageuka polepole. "Huyu ni nani?"

"Ni wa picha, Papa," nikasema.

"Ya arusi?"

Nikarudi nyuma hatua moja. Akanijia mpaka mbele ya pua.

"Thacienne, wewe ndiye uliwaleta hapa. Sema mbele ya watu. Mulikuya kuoa, ao mulikuya kupiga picha?"

Nilikuwa na uongo sita tayari mdomoni, na wote ulikuwa mzuri. Lakini nyuma yake alisimama Mama Nyiransabimana, mwiko mkononi, uso umejaa jivu la tangu alfajiri.

"Tulikuya kupiga picha, Papa. Ya gazeti. Ng'ombe tumeiazima."

Mwiko wa mama ukashuka polepole.

"Nimechinja kuku nne, Thacienne," Mama Nyiransabimana akasema taratibu. "Nne. Kwa ajili ya gazeti?"

"Mama, nisamehe, nilitaka kukueleza pale soko, halafu kile kiwigi..."

"Kiwigi gani tena?"

"Dada amesema yake." Ilikuwa sauti ya Shema. "Mimi nilikuya kuoa."

Nikageuka. Alikuwa amevua miwani.

"Shema, usifanye mchezo."

"Hakuna mchezo. Nani alisema tupigie picha hapa? Si ni mimi? Wewe ulitangaza mu malewa kama nampenda Tumukunde. Nikasema, dada amejua siri yangu. Halafu ukaleta kostimi. Ukaleta ng'ombe. Ukaleta kasiksi. Nikafikiri umenipangia kila kitu, na gazeti ni ya kunifanyia surprise tu."

"Mimi nilizua!"

"Ulizua kitu ya kweli, dada."

Akapita mbele yangu, akasimama mbele ya Papa Straton. Akafunga kifungo cha kostimi.

"Papa, hii ng'ombe si yangu, ya kwangu nitaitafuta. Nipe muda. Na kama shida ni muziki, muziki naiacha hapa leo."

Akamwekea Samy miwani mkononi, kama mtu anayerudisha ufunguo wa nyumba.

Séraphin akabonyeza. Akatazama kwenye kioo kidogo cha apareyi. Macho yakamtoka.

"Mama manager, ndiyo hii! Uso ya Shema, ya muzee, ile milima nyuma... Ndiyo ukurasa wa mbele!"

"Ukurasa ya nani?" Samy akauliza, karibu kulia. "Kundi imebaki na muntu moja."

Nikakaa chini, penye majani yenye umande. Picha tumeipata, kundi limekufa, na vyote kwa mbonyezo mmoja.

Ndipo Tumukunde akainua kichwa.

"Papa, naomba kusema."

"Bibi arusi hasemi," shangazi wa kulia akamfinya.

"Basi sijakuwa bibi arusi bado." Akautoa ule mkono. "Papa, mimi huyu nilimupenda nikiwa mu shamba, nasikia anaimba kule chini kwa barabara. Akinyamaza, nitabaki na nini? Na kostimi ya kwaya?"

Watu wakacheka. Mama Nyiransabimana akaficha mdomo kwa mwiko. Papa Straton akataka kukasirika, lakini kicheko kilikuwa kinampanda shingoni, akakimeza kwa nguvu.

Mzee huyu kilima kizima kinamjua. Kesi ikimshinda, haikubali kwa mtu wala haikatai. Anamwachia Mungu, lakini yeye mwenyewe ndiye anayechagua namna Mungu atakavyojibu.

Akaenda kwa Bihogo. Akaichukua kamba, akaitupa juu ya mgongo wa ng'ombe.

"Musikilize. Hii ng'ombe imeingia kwangu watu wote wanaona. Nitakunywa hii kalabashi ya kasiksi. Nikiimaliza na ng'ombe iko ndani ya lupango, kijana aoe, na aimbe, sitasema neno tena. Na picha iende Goma. Ikitoka pale mulango kabla sijamaliza, mutoke nayo wote, na ule bwana afute kila picha ya kwangu, mbele ya macho yangu. Muntu asiiguse!"

"Na kama inabaki, ng'ombe yangu..." Papa Mbonigaba akaanza.

"Kama inabaki, imebaki."

Papa Straton akaketi, akatia mrija kinywani, akavuta.

Bihogo alikuwa anatafuna. Hakuwa na haraka. Akapepesa sikio, akatikisa mkia. Nikaanza kupumua. Mzee akavuta tena. Nikahesabu shavu lake linavyoingia ndani: moja, mbili, tatu. Nikaona ukurasa wa mbele, nikaona harusi, nikaona malewa yangu imejaa mpaka dirishani.

Kisha nikasikia mluzi.

Mdogo, mwembamba, kama wa mtu anayepoza uji. Bihogo akainua kichwa.

Papa Mbonigaba alikuwa anatazama mawingu, midomo ameikusanya.

"Papa Mbonigaba! Funga kinywa!"

"Nini? Niko na jino linauma."

Mluzi tena. Bihogo akageuka, maua yakamning'inia shingoni, akaanza kutembea kuelekea mlango wa lupango. Hatua moja, hatua mbili. Watu wakafungua njia. Hakuna aliyethubutu kunyoosha mkono.

"Papa Straton, ameipigia mluzi!" nikalia.

"Nilisema isiguswe," akasema, mrija mdomoni. "Kinywa sikukataza."

Tumukunde akamtazama Shema. Shema akamtazama Tumukunde. Na binti huyo, mbele ya baba yake, mbele ya shangazi zake wote wawili, akaanza kuimba kibwagizo cha Ukungu. Shema akamdaka kwa sauti ya pili. Samy alipata gitaa lake sijui wapi, akawaingilia akiwa bado anafuta pua.

Bihogo akasimama.

Mluzi ukazidi. Wimbo ukazidi. Mama Nyiransabimana akaanza kupiga mwiko kwenye sufuria, akifuata wimbo, bila kumwangalia mumewe.

Papa Straton akainua kalabashi, akaitikisa sikioni kusikia kilichobaki. Séraphin aliikumbatia apareyi kwa mikono miwili, kidole kimoja juu ya kile kitufe cha kufuta, macho kwa mzee.

Na Bihogo yuko pale mlangoni, miguu miwili ndani, miguu miwili nje, sikio moja kwa mluzi, sikio lingine kwa wimbo. Niacheni hapo mpaka juma lijalo.